Kimya Nisichokiomba

Kazi yangu ilikuwa kusema. Kama umewahi kualikwa kwenye kicheni pati au sendofu Kihonda, pale Morogoro mjini, huenda uliisikia sauti yangu kabla hujaiona sura yangu. Nilikuwa mshereheshaji. Nilijua kuwainua mashangazi waliokaa wamenuna, nilijua kumliza mama wa bibi harusi kisha nikamchekesha kabla wanja haujamchuruzika. Jumamosi nilitoka ukumbi mmoja nikaingia mwingine, nguo nimebadilisha ndani ya bajaji, simu zinaita mkobani, na mtu wa muziki ananisubiri mlangoni na maiki mkononi kama anayesubiri kumpokea mgonjwa.

Nyumbani kwangu redio haikuzimwa. Nilipika na redio jikoni, televisheni sebuleni, na mimi mwenyewe naongea na simu katikati ya hizo mbili. Swala sikuacha, lakini nilisali kama kuku anavyodonoa mtama: kuinama, kuinuka, salamu kulia, salamu kushoto, na mkono tayari unapapasa simu ilipo. Watu walinisifu kwa uchapakazi. Walisema, yule mama hana muda wa kuchoka. Ilikuwa kweli. Sikuwa na muda huo kwa sababu nilikuwa naukimbia.

Niliogopa nyumba ikinyamaza.

Tulikuwa na mtoto, mimi na mume wangu. Binti, wetu wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akiegemezwa mto, homa ilipomchukua. Alikufa asubuhi tukiwa kwenye foleni ya kumwona daktari, mikononi mwangu, na mimi nilidhani amesinzia. Tulimpandisha Kinole, milimani kwa mama yangu, kwa sababu kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya kumlaza ni ile ya kikeni. Wanaume waliporudi kutoka kuzika, mvua ilikuwa imekatika. Nyumba nzima ikanyamaza kwa pamoja. Ndani ya kimya kile nikahisi maziwa yananitoka, yanalowesha kanga, na hakuna wa kuyanyonya. Nikasimama, nikaanza kuosha masufuria ya watu kwa kelele, nikayagonganisha mpaka mama akaja kuninyang'anya. Sikulia. Shangazi mmoja alisema nina moyo wa kiume, akidhani ananisifu.

Baada ya hapo mume wangu alichukua barabara, mimi nikachukua maiki. Yeye alikuwa dereva wa malori ya masafa, na safari alizokuwa anazikwepa zamani akaanza kuziomba. Tulipokutana nyumbani tuliongea juu ya matairi, mizani, foleni za mpakani, harusi ya fulani ilivyofana. Jina la mtoto halikutajwa. Kinole nilipanda kumsalimia mama na kushuka siku hiyohiyo, na makaburini sikufika.

Kisha shingo yangu ikaanza kuvimba.

Mwanzoni nilifunga mtandio. Rovu si ugonjwa mgeni kwetu. Bibi yangu alikuwa nalo, akazeeka nalo. Nikawa na mitandio ya kila rangi, wateja wakadhani ndiyo mtindo wangu mpya, na wasichana wawili watatu mjini wakaniiga. Lakini likaanza kunibana pumzi. Nikilala chali nakoroma kama pampu mbovu. Neno saratani liliingia kichwani likakaa, na kadiri lilivyokaa ndivyo nilivyozidi kukubali kazi. Daktari aliponiambia lazima litolewe, nilimwomba asubiri kwanza msimu wa harusi upite. Akanitazama kwa mshangao. "Mama, huo msimu utakupita wewe."

Nilipozinduka baada ya upasuaji, yeye mwenyewe alikuja kitandani. "Habari njema," akasema. "Tumelipima, si saratani."

Nikafungua kinywa niseme alhamdulillahi. Ilitoka pumzi tu, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Nikajaribu tena.

"Usijilazimishe," akasema, na sasa hakuwa ananitazama usoni. "Uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa unaoongoza sauti. Mshipa umeumia. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi yote. Kwa sasa usiongee. Hata kunong'ona, usinong'one."

Nilimtazama mtu aliyeniokoa na kifo, na nikamchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Walikuja na machungwa, na uji wa ulezi, na maneno. Wengine walinipigia kelele masikioni kana kwamba pamoja na sauti nimepoteza na kusikia. Wengine walikaa wakiongea wao kwa wao, mimi nipo katikati kama meza. Wiki iliyofuata wakapungua. Kisha akaja msichana niliyemfundisha kazi, ambaye kwa miaka alikuwa ananishikia mkoba na ratiba. Alikaa ukingoni mwa kochi, akanishika mkono.

"Dada, Mungu atakuponya," akasema. "Mimi najua. Wewe ni mpambanaji."

Nikatikisa kichwa kumshukuru.

"Ila dada, hivi vyombo," akaonyesha spika zangu pale pembeni ya kabati, "vikikaa bure vinaharibika. Panya wanakula nyaya. Na Jumamosi kuna ile sendofu, si unaikumbuka? Wamesema basi nifanye mimi. Nikasema lazima nije nikuombe ruhusa wewe mkubwa wangu."

Aliongea kwa adabu, akipiga goti kidogo. Nje, nilipochungulia dirishani, kirikuu ya kubebea mizigo ilikuwa imeshageuzwa na vijana wawili wanasubiri kupakia. Nikamruhusu kwa mkono. Ningesema nini? Walipobeba spika, sakafuni zilibaki alama nne za vumbi kwa kila moja, na mimi nikachukua ufagio nikazifuta.

Mume wangu alirudi safari, akanikuta nimekaa. Alijitahidi, Mungu ni shahidi. Alipika, akasimulia ya njiani. Lakini mtu anayesimulia anahitaji wa kumwitikia, na mimi nilikuwa naitikia kwa nyusi. Maneno yakamwishia. Tukakaa sebuleni, yeye anakitazama kiganja chake, mimi nalitazama zulia, na kile tulichokuwa tumekizuia nje miaka yote kikaingia kikakaa baina yetu, kina ukubwa wa mtoto anayeegemezwa mto. Akainuka akaongeza sauti ya televisheni. Kesho yake asubuhi alisema tajiri amempigia simu, kuna mzigo wa haraka. Simu yake nilikuwa nimeiona usiku kucha ikiwa mezani, haikuita.

Mama alipata habari huko juu akatuma ujumbe kwa dereva wa gari la ndizi. Dereva akanisomea mlangoni kama alivyoagizwa: "Mama yako anasema upande. Anasema huku hakuna wa kuongea naye, kwa hiyo hutapungukiwa kitu."

Nikapanda nimekaa juu ya magunia matupu, mtandio umenificha kovu. Mjini joto lilikuwa linachoma lami. Tulipoanza kona za mlimani hewa ikapoa, ukungu ukashuka kwenye migomba, na mto ukasikika upande mmoja wa barabara kisha upande mwingine. Kwa watu wengine huo ni uzuri. Mimi nilishika ubao wa gari kama ninayepelekwa kituo cha polisi.

Mama alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya jamvi la karafuu. Nilimwinamia, midomo ikatamka shikamoo bila kitu kutoka.

"Marahaba," akasema. "Nimeisikia. Weka mkoba, njoo uchambue."

Mama yangu si mtu wa maneno matamu. Alizaa, akazika mume, akalima mteremko ambao mbuzi anauogopa, na kulainika hakukuwemo katika ratiba. Kazi aliyonipa ilikuwa kutenga karafuu na vikonyo vyake: unachukua kichala, unakizungushia kiganjani, karafuu zinabaki huku, vikonyo vinakwenda kule. Vidole vinageuka vyeusi, pua inachoka. Yeye alifanya hivyo mchana kutwa bila kusema neno. Alikuwa na redio ndogo, lakini betri zilikuwa zimekufa siku nyingi na hakuwa na haja ya kununua nyingine.

Sikuweza. Kila baada ya muda niliinuka. Nilifagia uwanja, nikaenda mtoni kuteka maji ambayo hayakuhitajika, nikapanga kuni, nikazipangua, nikapanda kilimani kutafuta mtandao wa simu, nikashuka. Alasiri moja alininyang'anya ufagio.

"Uwanja umeufagia mpaka unatoa mawe," akasema. "Unamtafuta nani humu ndani ya mchanga? Kaa."

Nikakaa. Nilikaa kwa hasira, kama mtoto aliyechapwa. Hasira ikapita, hofu ikaja, ileile ya siku ya masufuria. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na ya kupiga. Mama aliendelea kuchambua. Nikagundua kwamba hofu nayo, usipoikimbia, inachoka. Haikuondoka, ila ilikaa chini, kama mgeni aliyeona hafukuzwi wala hakaribishwi.

Siku zikaenda hivyo. Swala zangu zikawa ndefu, si kwa uchamungu, ila kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia baada ya salamu. Jambo moja lilinisumbua: kusali bila sauti. Maisha yangu yote nilimwomba Mungu kwa maneno, tena maneno yaliyopangika, kama ninavyomkaribisha mgeni rasmi jukwaani. Sasa midomo ilikuwa inacheza tu. Nilijiuliza kama dua isiyo na sauti inafika popote, au inaangukia kwenye jamvi pamoja na vikonyo.

Ilinijia mchana, baada ya adhuhuri. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima kama mfuniko, mvua haijaanza, ndege wamenyamaza, hata majani ya mgomba yalikuwa yamelala. Nilikuwa na kichala cha karafuu kiganjani na mikono ikaacha kuzunguka. Sikuamua kuiachisha. Sikuona nuru, sikusikia neno, sitaki kumdanganya mtu. Nilijua tu kwamba sipo peke yangu uani pale. Nilijua kama unavyojua, ukiwa umeupa mlango mgongo, kwamba mtu ameingia chumbani. Na aliyeingia hakuwa na haraka, wala hakutaka nimwambie kitu. Hakuwa amekuja wakati ule. Alikuwepo.

Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Watu wengi wanaosimulia mambo haya wanasema walijawa na amani. Mimi, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa uchungu uliokaribia kunitapisha. Maana kama yupo hapa na kimya chake kikubwa namna hii, basi alikuwepo na pale kwenye foleni. Alikuwepo mwanangu alipoacha kupumua na mimi nikadhani amesinzia. Aliona. Na alinyamaza vilevile.

Nikaanza kugombana naye. Daktari alinikataza kunong'ona, nikanong'ona. Koo lilichubuka. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, mambo ambayo mshereheshaji hasemi hata maiki ikizimwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Nilimuuliza kwa nini anakuja sasa, baada ya kuninyang'anya hata sauti ya kumuitikia. Hakujibu. Lakini hakuondoka, na hilo ndilo lililonivunja. Watu wote niliokuwa nao walikuwa wameondoka kwa maneno mazuri. Huyu alitukanwa na akabaki. Nikalia. Nililia kilio cha miaka, bila mlio, mdomo wazi, makamasi yananichuruzika juu ya karafuu za watu.

Mama alinikuta hivyo. Alisimama na kikapu chake kichwani. Nilidhani atanikumbatia. Akashusha kikapu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Haya," akasema. "Umefika." Kisha sauti yake ikawa kavu kama kuni. "Miaka yote hii namlilia yule mtoto peke yangu. Napalilia kaburi peke yangu. Mpaka nikaanza kudhani mimi ndiye niliyemzaa."

Hakuna upanga uliowahi kunikata kama maneno yale. Hakuyasema kunitibu, aliyasema kwa sababu alikuwa amechoka kuyabeba. Nami sikuwa na sauti ya kujitetea, na ni afadhali, kwa sababu ningejitetea vizuri.

Kesho yake alinipeleka. Ni pale nyuma ya shamba la migomba, hatua si nyingi kutoka uani. Miaka yote nilipokuja kumsalimia na kushuka nilikuwa nakaa nimepageuzia mgongo. Kaburi ni dogo mno. Nilikuwa nimesahau kwamba litakuwa dogo. Kichwani mwangu lilikuwa limekua. Mama akasoma Fatiha, akaondoka akaniacha. Nikakaa chini kwenye unyevu. Sikuomba chochote, maana nilichokuwa nakitaka hakitolewi. Tulikaa tu, mimi na mwanangu na yeye asiyesema. Kwa mara ya kwanza nililitamka jina lake, kwa pumzi.

Mume wangu alikuja kabla ya mvua za masika, amevaa shati jipya, ameongozana na baba yake mdogo. Mwanamume akija kwa wakwe na mzee na shati jipya, huhitaji kusomewa. Mzee alizunguka maneno kwa heshima, akayafikisha: amepata mtu Ngerengere, ataoa, ni haki yake, na mimi nabaki mke mkubwa mwenye heshima yangu.

Mama alitema mate pembeni, akaenda jikoni.

Sauti yangu wakati huo ilikuwa imeanza kurudi, kama sauti ya msumeno kwenye mti mbichi. Mume wangu hakuwahi kuisikia. Nikamwambia, "Kabla hujaondoka, twende kwa mtoto."

Alishtuka, sijui kwa sauti au kwa neno. Akamtazama mzee wake. "Mvua inakuja," akasema. "Njia itateleza."

"Ni hapo nyuma tu."

Akanifuata. Alipofika kwenye ukingo wa migomba alisimama, hakusogea tena. Niliketi pale ninapoketi. Nikamwonyesha nafasi kando yangu. Alibaki amesimama, anageuzageuza kofia yake.

"Wewe ulikuwa na kelele zako," akasema mwishowe, "na mimi nilikuwa na barabara yangu. Sasa wewe umezima za kwako unataka na mimi nisimame. Siwezi. Ukinisimamisha hapa, nitakufa."

"Hutakufa," nikamwambia. "Nilidhani hivyo hivyo. Kaa kidogo."

Niliona magoti yake yakikunjika. Nasema kweli, niliona. Kwa kitambo kifupi nilidhani Mungu aliyekaa na mimi angemkalisha na yeye, na labda nyumba yetu ingepona. Kisha akavaa kofia. "Nitakuja siku nyingine," akasema, na akashuka haraka, akiteleza, akishika migomba. Hajaja. Mke wake wa Ngerengere amemzalia mtoto wa kiume, na nimesikia kwamba ni mwanamke mchangamfu, anapenda muziki. Sina ugomvi naye. Yeye ni redio mpya.

Sasa naishi huku na huku. Mavuno yakiwa tayari napanda kwa mama, yakishakauka nashuka nayo kuuza karafuu, mdalasini na pilipili manga sokoni Morogoro. Sauti imekomea hapo kwenye msumeno. Wateja wa zamani wananijua sura, wakisikia ninavyoitikia wananihurumia, kisha wanaomba wapunguziwe. Nyumba ya Kihonda ni kimya. Jioni nakaa humo, na si kweli kwamba siogopi. Kuna siku kimya ni kimya tu, sijui kama kuna mtu ndani yake au nazungumza na ukuta. Kuna siku yupo, bila shaka yoyote, na nakaa naye mpaka chai inapoa. Simpangii mimi.

Mwaka huu akina mama wa darasa la msikitini walinifuata sokoni. Walitaka nije nitoe ushuhuda kidogo, jinsi Mungu alivyonitoa kwenye mambo ya dunia akanileta kwake. Mwenyekiti wao, mama mwenye uso mwema, alisema itawasaidia vijana.

"Nitasema ilivyokuwa?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Sema ilivyokuwa."

"Kwamba hakunirudishia sauti. Hakunirudishia mtoto wala mume. Kwamba angeniuliza kwanza, nachagua lipi, yeye au sauti yangu, ningechagua sauti, na asingeshangaa. Lakini hakuniuliza. Na kwamba yupo, kwa sababu nilimtukana na hakuondoka. Hayo ndiyo niliyo nayo."

Walitazamana. Mwenyekiti akanunua mdalasini, akanishukuru, akasema watanijulisha. Hawakunijulisha. Walimpata mwingine, binti mwenye sauti nzuri, na siku ya darasa alizungumza vizuri kweli. Kipaza sauti kilifika mpaka barabarani na akina mama walilia. Nilikuwepo. Niliketi nyuma nikasikiliza, na kitaalamu sikuwa na la kumkosoa. Ila aliposema kwamba ukimwendea Mungu hofu yote huondoka, nikainuka taratibu nikatoka hadi barazani, nikaketi penye viatu, chini ya ukuta uliokuwa bado na joto la mchana. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Ndani waliitikia amina, wakaitikia tena. Mimi nilifumba macho nikasubiri, na sikuwa peke yangu.